Kurekodi Mtetemo wa Injini ya Mtumbwi kwa USB Bila Kupoteza Data

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo nipo Kirumba, Mwanza, hatua chache tu kutoka mwaloni, kwa hiyo mkisikia makelele ya wapakiaji wa dagaa nyuma yangu, nivumilieni. Hapa mbele kuna injini ya mtumbwi, HP 15, imefungwa kwenye ubao na mguu wake umezama ndani ya pipa la maji ili isichemke. Juu yake nimebandika kihisi cha mtetemo. Mafundi wengi tunasema sensa, ila ukilitaja hilo neno kwa mama wa jirani atadhani umekuja kuhesabu kaya.

Tunataka mtetemo huu uingie kwenye laptopu kwa waya wa USB, bila kudondosha hata sampuli moja, yaani kipimo kimoja cha mtetemo. Nina sababu ya kukazania hilo. Siku za nyuma nilirekodi injini nyingine hapa hapa, nikaona mruko mkali unajirudia kwenye mchoro. Nikamwambia mwenye injini, "Mzee, beringi hiyo imekwisha." Injini ikafunguliwa. Beringi nzima, inang'aa. Kumbe data ilikuwa inakatika, na programu niliyoiandika mwenyewe ikawa inaunganisha kipande cha kabla na cha baada kama fundi cherehani mvivu. Ile miruko ilikuwa mishono. Gasketi mpya nililipa mimi.

Haya, hatua ya kwanza: hesabu, kabla hujashika waya. Injini hii ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 80 kwa sekunde. Mgongano wa beringi mbovu ni mfupi sana, unalia kwenye maelfu ya hezi, yaani mitetemo kwa sekunde, kwa hiyo sampuli ziwe zaidi ya mara mbili ya mlio wa juu unaoutafuta. Mimi nachukua sampuli 50,000 kwa sekunde. Kila mzunguko napata 625, zinanitosha kabisa. Sampuli moja ni baiti 2. Jumla baiti 100,000 kila sekunde.

Kati ya kihisi na laptopu kuna bodi ndogo ya kielektroniki inayosoma mtetemo na kuutuma; yangu ni Raspberry Pi Pico, ile ya kwanza ya mwaka 2021. Inaweza kusoma sampuli 500,000 kwa sekunde, na najua kuna mtu hapo tayari anataka kuifungulia mpaka mwisho. Tulia kwanza. Hiyo ni megabaiti moja kila sekunde, na USB ya bodi hii ni ile ya megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti moja na nusu. Ukiondoa mizigo yake yenyewe, hata kwenye karatasi haipiti baiti 1,216,000 kwa sekunde. Utakuwa unatembea ukingoni. Tena ukifunga vihisi vitatu, hizo 500,000 vinagawana, maana kifaa cha kusomea ni kimoja.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea, naomba msiruke. Waliokuwa wakienda Sengerema na Geita wataelewa haraka. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, ulikuwa unafika Kigongo unasubiri kivuko. Kivuko kinabeba magari mengi kwa mkupuo, lakini hata uwahi vipi, huondoki mpaka kije. USB ndivyo ilivyo. Bodi haisemi neno mpaka kompyuta iulize. Laptopu ikishikwa na shughuli nyingine, kivuko kipo ng'ambo, na injini haiachi kutetema kwa sababu hiyo. Sampuli zinapanga foleni kwenye kumbukumbu ya bodi. Foleni ikijaa, gari linalofuata linatupwa ziwani, kimya kimya.

Pico ina kilobaiti 264 za kumbukumbu. Nimeacha za programu, nimetenga 200 kwa ajili ya foleni. Kwa mwendo wetu wa baiti 100,000 kwa sekunde, laptopu inaweza kuzubaa karibu sekunde mbili nzima bila hasara. Kwa ule mwendo wa tamaa, megabaiti moja kwa sekunde, una sehemu ya tano tu ya sekunde. Windows ikifungua dirisha la masasisho tu, umeshapoteza. Ndiyo maana mimi siangalii sana kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Naangalia laptopu yangu huwa inazubaa muda gani ikizidiwa.

Hatua ya pili, tuma namba zenyewe, usitume maandishi. Ukiandika "2048" halafu ukashuka mstari, umetumia baiti 6 kwa kitu cha baiti 2. Na kama bodi yako ni zile zenye chipu ya kutafsiri USB, iliyowekwa kwenye biti 115,200 kwa sekunde, kinachopita ni baiti 11,520 kwa sekunde, maana kila baiti inasafiri kwa biti 10. Kwa maandishi hayo ni sampuli 1,920 tu. Hapo huwezi kusikia beringi, labda usikie mtu anagonga pipa.

Hatua ya tatu, angalieni hapa kwenye skrini. Kila furushi ninalolituma lina baiti 256: nne za mwanzo ni namba ya furushi, zinazobaki ni sampuli 126. Namba inapanda moja moja. Laptopu ikipokea 7,310 kisha 7,312, tunajua limepotea moja, na tunajua mahali. Programu haijazi pengo wala haiungi. Inaandika "pengo" na kuendelea. Kama ningekuwa na hii namba siku ile, yule mzee asingefungua injini.

Pia ndani ya bodi nimeweka alama ya foleni ilipowahi kufika juu kabisa. Mmeona yale mawe ya ziwani, jinsi yanavyobaki na mstari mahali maji yalipofika? Ndiyo hiyo. Data inaweza kufika yote leo, lakini ukikuta alama iko kilobaiti 190 kati ya 200, ujue umeponea chupuchupu.

Upande wa laptopu sitakawia. Sehemu moja ya programu ipokee tu na kuweka kwenye kumbukumbu, nyingine iandike kwenye diski. Usichore mchoro unaotembea wakati wa kurekodi. Unapendeza kwa wateja lakini unakula muda. Zima hotspoti ya simu, zima ile huduma ya kulaza USB ili kuokoa betri. Usiandike moja kwa moja kwenye flashi, kwa sababu hizo huwa zinasimama kupumua katikati ya kuandika. Na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili zaidi ya gigabaiti 4. Kwa megabaiti moja kwa sekunde unagonga ukuta baada ya dakika kama 71.

Kuhusu waya: mfupi, na uupitishe mbali na waya wa plagi ya injini. Cheche zikiingilia, USB inajikata na kujiunga upya, na hapo hakuna foleni itakayokuokoa. Kihisi changu ni kile kisahani cha piezo, kinachotoa umeme kikitikiswa; kinaweza kutoa volti nyingi kikigongwa, na pini ya Pico inataka isizidi 3.3, isishuke chini ya sifuri. Weka rezista na daiodi za kulinda, nimeziweka hapa chini ya utepe mweusi.

Dogo, washa.

Mnaona... mafurushi yanapanda, kama 397 kwa sekunde. Alama ya foleni iko kilobaiti 6. Sasa nafungua video makusudi, nafungua na kivinjari... imeruka mpaka 41, imesimama hapo. Mapengo sifuri. Tunaiacha dakika kumi. Tunatarajia mafurushi 238,095, yakipungua au kuzidi kidogo ni kwa sababu saa ya bodi na ya laptopu hazilingani sawasawa.

Haya, zima. Mafurushi 238,101, mapengo sifuri, alama ya juu 41. Subiri kwanza, usichomoe waya, faili halijafungwa. Sasa chomoa.