Bando limeisha, stresi iko palepale

Asanteni, kaeni tu. Nani hapa jana usiku alisema "nacheki simu dakika tano nilale" akaja kushtuka saa nane? Ehe, nyoosheni mikono, na mimi nimenyoosha.

Sisemi simu ni mbaya jamani. Mwaka 2002 watafiti wawili kule Marekani, Robert Kubey na Mihaly Csikszentmihalyi (kulitamka msiniulize), waliandika kuhusu TV. Watu walipewa vidude vya kutembea navyo, kikilia tu unaandika unafanya nini na unajisikiaje. Ikaonekana mtu akiwa mbele ya TV anatulia kweli, ila akizima ule utulivu unakatika hapohapo, uzito wa kichwa unabaki. Waliotoka michezoni au kwenye hobi zao walikuwa na afadhali.

Mimi hilo nimeliona kwenye mchezo wa bao, ule wa kete. Nilikuwa na deni, kila jioni najilaza na simu, video baada ya video, naamka deni lipo bando halipo. Mzee mmoja pale barazani mtaani akaniita, "njoo mjukuu wangu nikufunge." Mashimo 32, kete 64, unaanza na 22 mkononi, sita zipo kwenye nyumba, lile shimo kuu, na hapo ndo unahesabu ukitakata upande huu, yaani ukigawa kete bila kula, kete ya mwisho inaangukia wapi, sasa deni utaliwazia saa ngapi, ukizubaa kidogo mzee kashaila nyumba yote na anakuangalia tu anatafuna kashata. Nilifungwa mwezi mzima. Deni halikupungua hata mia, ila usingizi ulirudi.

Na usiseme hujui kazi za mikono. Mwaka 2016, Marekani hukohuko, watu 39 walikaa dakika 45 wanachora, wanafinyanga, wanabandika makaratasi, na kama robo tatu yao homoni ya stresi ilishuka, wenye kipaji na wasio nacho. Bibi zetu wakisuka ukili mikono inaenda na mdomo unaenda, hakuna aliyewapimia kitu.

Ugumu uko kwenye kuanza. Umerudi umechoka, simu iko mkononi tayari, uzi na sindano viko juu ya kabati. Basi vishushe, viweke pale unapokaa, simu ndo ipande kabatini.

Nini? Mpira? Ukienda kibanda umiza mkabishana na kupiga kelele mimi hiyo naihesabu kama hobi. Timu ikifungwa usinitafute.