Mamba, Udongo na Mifupa: Walikotoka Viumbe Nusu Mtu Nusu Mtambaazi

Ndugu zangu, wazee wangu na wanafunzi, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie wale viumbe wa kale wenye mwili wa mtu na kichwa cha mamba, nyoka au mjusi: walitoka wapi? Video zinazozunguka kwenye simu zetu zina jibu moja tu. Zinasema walikuwa wageni kutoka nyota nyingine, na kwamba watu wa Misri na Iraki ya kale walichora walichokiona. Nusu ya maneno hayo naikubali. Ni kweli walichora walichokiona. Ila walikiona mtoni, wakakiona ardhini, na wakakiona kwenye vichwa vya watoto wao wenyewe.

Nitaanza na Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, kwa kuwa hapo pana ushahidi wa kale kupita mahekalu yote. Mwaka 2010 wanasayansi wanne, mmoja wao Mtanzania Jackson Njau, walitangaza aina ya mamba aliyetoweka zamani. Walimpa jina la Crocodylus anthropophagus, yaani mamba mla watu. Aliishi penye ziwa lililokuwapo Olduvai miaka kama milioni 1.8 iliyopita, na jina hilo hakupewa bure. Mifupa ya miguu ya watangulizi wetu iliyofukuliwa hapo ina alama za meno ya mamba. Kwa hiyo, muda mrefu sana kabla mtu hajalima wala hajajenga, mahali alipochota maji ndipo alipoweza kuliwa.

Hofu hiyo imezama kiasi gani ndani yetu? Mwaka 1989 wanasaikolojia Michael Cook na Susan Mineka walichapisha matokeo ya majaribio ya nyani waliozaliwa maabara, wasiomwogopa nyoka. Walionyeshwa video ya nyani mwenzao akiogopa nyoka wa bandia, nao wakajifunza kuogopa. Video zilipohaririwa ili yule mwenzao aonekane anaogopa maua, hawakujifunza kuyaogopa maua. Nyani, basi, hazaliwi na hofu ya nyoka iliyokamilika, ila huipokea upesi kuliko hofu nyingine. Sisi ni jamaa zao. Sishangai kwamba nyoka na joka wamo katika hadithi za mabara yaliyokuwa hayajuani.

Lakini hofu peke yake haizai mungu. Hapa naomba tukae kidogo Misri.

Mungu Sobek alichorwa kama mwanamume mwenye kichwa cha mamba. Makao yake makuu yalikuwa Shedet, katika bonde la Fayum, mji ambao Wagiriki waliuita Crocodilopolis, na baadaye alijengewa hekalu la Kom Ombo, kando ya Nile, akishirikiana nyumba na mungu Horus. Mkulima wa Misri aliishi kwa mafuriko. Maji ya mvua za nyanda za juu za Ethiopia yalianza kupanda karibu na mwezi Juni, yakafunika mashamba, kisha yakashuka na kuacha tope lenye rutuba. Mamba alisogea pamoja na maji hayo. Aliyeleta shibe na aliyeleta kifo walifika kwa njia moja, msimu mmoja. Ukiwa mkulima pale, mnyama huyo humchukulii kama kero ya kuua tu.

Tena walimtazama kwa makini inayonifanya niwaheshimu sana. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba mamba hujua mafuriko ya mwaka huo yatafika wapi, akataga mayai juu ya mpaka wa maji. Hata kama habari hiyo imetiwa chumvi, ni maneno ya watu waliokwenda kutafuta viota wakapima umbali. Na mamba jike hufukua kiota watoto wanapoanza kulia ndani ya mayai, akawabeba kinywani hadi majini. Taya lile lile linalovunja mfupa wa ng'ombe linabeba kitoto bila kukichubua. Aliyeona jambo hilo hana haja ya mgeni wa angani ili amfanye mamba mlinzi.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, alisimulia kwamba baadhi ya Wamisri walimfuga mamba, wakamvika mapambo masikioni na bangili miguuni, na alipokufa wakamkausha na kumzika kwa heshima. Huenda ukadhani anatia chumvi. Mwaka 2011 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mamba waliokaushwa, na mumia wote waliopata kupimwa walikuwa wa aina ambayo leo inaishi zaidi Afrika ya Magharibi na Kati, Crocodylus suchus, mamba mdogo na mpole kuliko mamba wa Nile tunayemjua huku kwetu. Makuhani walitofautisha aina mbili ambazo sayansi ilikuwa bado inazibishania hadi juzi! Huo ni ujuzi wa mtu wa mtoni, anayejua yupi anaweza kufugwa na yupi atamla.

Mtazameni na Ammit, mla wafu. Katika picha za hukumu anasubiri kando ya mizani ambapo moyo wa marehemu unapimwa dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Ana kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko. Hao ni wanyama watatu walioua watu katika bonde la Nile, wameunganishwa kuwa mmoja. Mchoraji hakuhitaji kubuni kitu kigeni. Alichagua viungo kutoka kwenye misiba ya kijiji.

Sasa niwafikishe kwenye kielelezo kinachopendwa zaidi na wenye video: sanamu ndogo za udongo za utamaduni wa Ubaid, kusini mwa Iraki, zilizofukuliwa makaburini huko Ur na Eridu. Zina zaidi ya miaka 6,000. Kichwa kirefu, uso uliochongoka, macho ya mshazari yenye mpasuko kama punje ya buni. Kweli, ukiona picha ya uso peke yake unasema huyu mjusi. Ndiyo maana mara nyingi huonyeshwa uso peke yake.

Angalieni mwili mzima. Mabega mapana, kiuno, nyonga, mikono ya binadamu. Na miongoni mwa zile za Ur, mmoja ni mwanamke anayenyonyesha mtoto. Mtambaazi hana maziwa. Aliyefinyanga sanamu ile alikuwa anamfinyanga mama.

Na kile kichwa kirefu? Mafuvu ya binadamu wa enzi hiyo yamepatikana yakiwa yamerefushwa. Mtoto mchanga alifungwa kichwa wakati mifupa bado laini, kikakua kwa umbo lililotakiwa. Wasikilizaji wenye asili ya kaskazini-mashariki mwa Kongo wanalijua jambo hili, kwa kuwa Wamangbetu waliwafunga watoto wao vichwa hadi katikati ya karne ya 20, na umbo lile lilikuwa alama ya uzuri na hadhi. Mimi naona sanamu za Ubaid zinaonyesha watu waliopambwa kwa desturi zao, kwa mtindo wa mfinyanzi wa zama zile. Wanaozihusisha na Anunnaki, kundi la miungu ya Iraki ya kale, wanaruka karne nyingi: majina ya miungu hao yanatoka kwenye maandishi ya baadaye sana, na sanaa ya Mesopotamia, yaani Iraki ya kale, iliionyesha miungu mikubwa ikiwa na sura za watu, wamevaa kofia za pembe.

Babeli nako kuna mushushu, mnyama wa mungu Marduk, aliyepamba Lango la Ishtar la mfalme Nebukadneza II. Kichwa cha nyoka mwenye pembe, magamba, miguu ya mbele ya simba, ya nyuma ya ndege mla nyama, mkia wa nge. Robert Koldewey, Mjerumani aliyelifukua lango hilo, alifikia kudhani huenda mnyama huyo aliwahi kuishi. Sikubaliani naye. Nyoka wenye pembe wapo jangwani Iraki hadi leo, na simba waliishi huko mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Ni njia ile ile ya Ammit.

Kuhusu mifupa nitasema kwa ufupi. Mwaka 1335 huko Klagenfurt, Austria, palipatikana fuvu la kifaru mwenye manyoya wa enzi ya barafu, watu wakasema ni la joka. Karne mbili na nusu baadaye fuvu hilo likawa mfano wa kichwa cha sanamu ya joka iliyopo mjini humo. China "mifupa ya joka" iliuzwa kama dawa, na mwaka 1935 mtafiti wa mifupa ya kale, von Koenigswald, alikuta katika duka la dawa huko Hong Kong jino la sokwe mkubwa aliyetoweka. Lakini nina tahadhari: hadithi ya joka la Klagenfurt na dawa ya China zinaonyesha watu waliokuwa tayari na joka akilini. Mfupa uliwathibitishia. Nawasihi msikubali haraka kila anayesema mnyama fulani wa hadithi alizaliwa na kisukuku fulani, yaani mfupa wa kale uliogeuka jiwe. Na dinosau walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Hakuna binadamu aliyekutana nao.

Kabla hatujaanza, kijana mmoja aliniuliza nje kama nina uhakika. Kuhusu kila sanamu, hapana, maana watu wa Ubaid hawakuacha maandishi. Lakini atakayedai walichora wageni na aanze kwa kumweleza yule mama anayenyonyesha, kisha mafuvu yaliyofungwa, kisha mumia wa mamba mpole. Mimi vyote vitatu nimevieleza kwa mto, udongo na mikono ya watu. Sasa naomba maswali, tuanze na walioko nyuma.