Ndoo, Bomba na Chambo: Jinsi Uvimbe Unavyojitafutia Damu

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wanafunzi mliobanana huko nyuma, sogeeni, viti vipo.

Leo tunaongelea wazo kwamba protini ya kirusi inaweza kuuzibia uvimbe wa kansa mishipa ya damu. Nianzie Igogo, kule juu kwenye mawe. Mwenye chumba kimoja anaishi kwa ndoo: mtoto anashuka, anachota, anapanda. Akiongeza vyumba sita na wapangaji, ndoo haitoshi. Lazima avute bomba.

Uvimbe wa kansa ni huyohuyo. Ukiwa na milimita 1 au 2 unaishi kwa ndoo. Hewa na chakula vinaupenyea kutoka mishipa ya jirani. Kuzidi hapo, unavuta mishipa yake wenyewe. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliandika kwamba tukiziba mabomba hayo uvimbe utadumaa. Alibezwa miaka mingi. Lakini ikaja kujulikana kwamba uvimbe huita mishipa kwa protini, maarufu zaidi ikiwa VEGF, na mwaka 2004 Marekani ikaruhusu bevacizumab, dawa inayoikamata protini hiyo. Inasaidia, ila mara nyingi uvimbe hutafuta njia nyingine, na mgonjwa anaweza kupanda presha au kuchelewa kupona vidonda.

Virusi wanaingiaje? Mnaijua kansa ya Kaposi, yale mabaka ya zambarau miguuni. Kirusi chake, kilichogunduliwa 1994, kina protini inayoisukuma seli itoe VEGF. Huyo ni fundi wa bomba la wizi! Kwa hiyo ukisikia protini ya kirusi inaziba mishipa, uliza kwanza: kirusi gani?

Mimi nawaletea cha sungura, miksoma. Sisi binadamu hakituletei ugonjwa. Kinatoa protini iitwayo Serp-1. Mshipa mpya ukitaka kuchipua, seli zake hukata njia kwa vimeng'enya, plasmini na wenzake. Wavuvi wa Kirumba mtanielewa upesi: Serp-1 ni chambo chenye ndoano. Kimeng'enya kinauma, kinanasa, hakikati tena. Kirusi hukitumia chambo hicho kupooza kinga ya sungura. Mambo ya kansa hakiyajui.

Tazameni yai hili. Likiwa na kifaranga ndani, mtafiti hukata kidirisha kwenye ganda, kidogo kama ukucha, na chini yake utando unaonekana umejaa mishipa kama mizizi ya gugumaji. Anadondosha protini anayoipima, anasubiri, kisha anahesabu matawi. Maabara yenye yai na subira inaweza kuanza.

Kwa watu, Serp-1 imejaribiwa kwa wagonjwa wa moyo waliowekewa vibomba vya kupanua mishipa. Hao si wagonjwa wa kansa. Akija mtu mwaloni na chupa akisema ni Serp-1 ya kutibu kansa, mwacheni apite.

Mama mmoja kaniuliza mlangoni kama kula sungura kunasaidia. Hapana, mama, tumboni protini humeng'enywa kama maharage. Haya, mkono ule pale dirishani, uliza.