Treni ya Dhahabu ya Skagway, Alaska: Nimewahi Siti, Kumbe Upande Siyo

Mambo zenu wana familia! Subirini, huu upepo... nigeuke hivi. Sasa mnanisikia? Haya. Leo niko Skagway, Alaska, kule Marekani inakogusana na Kanada. Huu ni mwezi wa sita, wenyewe wanauita kiangazi, na mimi nimevaa makoti mawili.

Mnaonifuatilia mnajua nimekulia Katoro, Geita, na mjomba wangu kaumaliza ujana wake kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimba dhahabu, ya Nyarugusu. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna mji umezaliwa na rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia kwa wingi dhahabu iliyogunduliwa, siendi kama mtalii. Naenda kukagua.

Kwanza niwaambie kitu kilichonishangaza: Skagway yenyewe haina dhahabu. Dhahabu ilikuwa mbali huko, upande wa Kanada, karibu na mto Klondike. Agosti 1896 jamaa wa kabila la Watagish anaitwa Skookum Jim, mpwa wake Dawson Charlie, na Mzungu aliyekuwa shemeji yake Jim, George Carmack, waliikuta kwenye kijito. Habari zilichukua karibu mwaka mzima kufika mjini. Tarehe 17 Julai 1897 meli ya Portland ikatia nanga Seattle, mji huu huu ninaobebea maboksi mimi, ikiwa na wachimbaji na dhahabu yao. Wacha watu wachanganyikiwe! Mpaka meya wa Seattle aliacha kazi akaenda. Meya, jamani. Inakadiriwa watu kama 100,000 waliondoka makwao, na Skagway ndipo wengi waliposhukia meli kabla ya kuukabili mlima.

Sasa huu ndio mtaa mkubwa, unaitwa Broadway. Sikilizeni hatua zangu: ko, ko, ko. Pembeni mwa barabara pa kutembelea ni mbao tupu, kama zamani. Na hili jengo hapa, sogeeni muone. Mnaona huo ukuta wa mbele? Ni vijiti. Vipande vya miti vilivyookotwa ufukweni, zaidi ya 8,800, vikapigiliwa kimoja kimoja kwa michoro. Kulikuwa na watu walioshindwa kwenda mlimani wakabaki kuokota vijiti, mimi ndivyo ninavyohisi.

Na matapeli walikuwepo. Mkubwa wao aliitwa Soapy Smith. Wanasimulia kwamba alifungua ofisi ya simu ya maandishi: unalipa dola tano, unatuma salamu nyumbani kwamba umefika salama. Jibu linakuja haraka tu, mke wako anakuomba utume pesa, na pesa unazikabidhi pale pale. Wakati huo Skagway haikuwa na waya wowote wa simu hiyo ya maandishi! Ule uliokuwa ukutani haukwenda popote. Yaani wewe uliyetumiwa meseji ya “ile hela itume kwenye namba hii”, usidhani ni ujanja wa juzi. Soapy alipigwa risasi gatini tarehe 8 Julai 1898. Frank Reid, aliyepambana naye, naye alijeruhiwa, akafa siku 12 baadaye. Makaburi yao yapo hapa, ila sikwenda. Muda.

Kitu kimoja zaidi kabla ya treni, maana sikukitegemea kabisa. Mwaka 1899 serikali ya Marekani ilileta wanajeshi weusi hapa, Kompania L ya kikosi cha 24 cha miguu, walinde amani. Walikaa mpaka 1902. Nilisimama pale nikawaza: watu weusi, Skagway, miaka hiyo, na baridi hii. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Haya, treni. Reli ya White Pass and Yukon. Mliozoea SGR shusheni matarajio: hii haikimbii. Reli yenyewe ni nyembamba, milimita 914, kwa hiyo inazidiwa upana hata na ile reli yetu ya zamani ya Mwanza, ambayo ni mita moja. Waliijenga nyembamba kwa sababu mlima ulikuwa hauna pa kuiweka. Inapanda mita kama 870 ndani ya kilomita 32.

Mimi nikajifanya mjanja. Milango ilipofunguliwa nikachomoka, nikawahi dirisha. Nikakaa, nikatulia, nikajipongeza. Treni ikaanza kupanda, na mimi nikaanza kuangalia... mwamba. Ukuta wa mwamba sentimita chache kutoka puani. Upande wa pili watu wanasema “waaa!” maporomoko, bonde, meli zetu gatini zimekuwa kama viberiti. Ukipanda kaa KUSHOTO. Andika mahali. Ikabidi nitoke nikasimame kwenye kibaraza cha mwisho wa behewa, ndiyo maana video inatikisika.

Ila kule nje ndiko nilikoelewa ile kazi. Walianza Mei 1898. Kwenye majabali wafanyakazi walining'inizwa kwa kamba, wanatoboa mashimo, wanajaza baruti. Tunapita mahali pana msalaba mweusi: Agosti mwaka huo jiwe la tani 100 liliwaangukia watu wawili, na bado liko pale pale. Februari 1899 reli ikafika kileleni, Julai 1900 ikaunganishwa mpaka Whitehorse, Kanada. Na rashi? Ilishakwisha! Mwaka 1899 watu walishahamia Nome, huko huko Alaska, kufuata dhahabu nyingine. Mjomba wangu angecheka sana hapo. Reli ikaishi kwa kubeba madini mengine mpaka ikafungwa 1982, ikafunguliwa tena 1988 kwa ajili yetu sisi wa kupiga picha.

Tukafika kileleni, mpakani. Hatushuki. Kichwa cha treni kinafunguliwa, kinazunguka kwenda upande wa pili, na tangazo linatuambia tugeuze migongo ya viti na tubadilishane upande na jirani. Mgongo wa kiti unasukumwa tu, na kiti kinatazama kulikokuwa nyuma. Hatimaye nikapata bonde langu.

Na kwenye kurudi ndipo nikaiona. Angalieni hapa, nakuza picha... mnaona ule mstari mwembamba kwenye mawe, kama njia ya mbuzi? Ndiyo njia yenyewe waliyopita wale wa dhahabu kwa miguu kabla ya reli. Polisi wa Kanada walikaa juu mpakani, huvuki kama huna chakula cha mwaka mzima. Chakula pamoja na vifaa, karibu tani moja. Mimi nimezoea kuhesabu kwa magunia: kilo 900, magunia tisa ya mahindi. Huwezi kuyabeba kwa pamoja. Unabeba kilo 25, unaziacha mbele, unarudi kuchukua nyingine. Mara 36! Kwa mtu mmoja! Wenye uwezo kidogo walinunua farasi, na farasi kama 3,000 walifia kwenye njia hii, wamevunjika miguu, wamekosa majani. Bonde tulilopita juu linaitwa Bonde la Farasi Wafu mpaka leo. Behewa zima lilikuwa linapiga kelele, hapo likanyamaza kidogo.

Nikamrekodia mjomba sauti, nikamweleza yote. Akajibu kwa swali moja: “Sasa, walitoboa?” Nikamwambia mjomba, kati ya wale laki moja, waliofika Dawson, mji wa kule kwenye dhahabu, ni kama elfu thelathini, arobaini, na walikuta vitalu vizuri vyote vimeshapigwa vigingi na waliotangulia.

Kimya. Nikajua anasikitika. Mara ikaingia sauti nyingine: “Na hayo mawe waliyolipua pembeni ya reli, kuna mtu ameyapeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, akayapima?”

Mjomba! Ni mwamba wa reli ule! Jamani, meli inapiga honi, ngoja nikimbie.