Niko kwenye notisi ya miezi 3 hapa Hamburg, kazi hamna na ofisini lazima niende

Mambo vipi ndugu zangu, wakubwa shikamooni, natumaini mko salama wote, wa Dar, wa Tanga, wa Mombasa, wa Bujumbura, wa Lubumbashi, na nyie wenzangu wa Dubai na Muscat ambao najua mnaziangalia hizi video usiku mkishatoka shifti. Leo jumamosi niko nyumbani jikoni, hii kelele mnayoisikia ni jirani wa juu, mvumilie tu.

Sasa wengi mmeniuliza kwenye WhatsApp, kaka si ulisema umeacha kazi, mbona kila asubuhi unapost uko kwenye treni unaenda kazini? Hata mama yangu kaniuliza hilohilo, na yeye akiuliza anataka jibu la maana, kwaiyo ngoja nilieleze hili jambo vizuri maana naona kuna vijana wanakuja huku na hawalijui kabisa.

Nimeacha kweli. Barua nilipeleka mwezi wa tatu, karatasi yenye saini ya kalamu, maana Ujerumani kuacha kazi kwa imeili au kwa meseji ya WhatsApp hakuhesabiki, sheria inataka maandishi kwenye karatasi. Lakini ukishapeleka ndo kwanza unaanza kungoja. Kwa sheria yao ya kawaida mfanyakazi anatoa notisi ya wiki 4, inaishia tarehe 15 au mwisho wa mwezi. Ila mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, na mikataba mingi ya maofisini inafanya hivyo. Wangu unasema miezi 3 mpaka mwisho wa robo ya mwaka. Hapo mwisho wa robo ya mwaka ndo watu wanapopigwa na butwaa, yaani ukipeleka barua kabla ya tarehe 31 Machi unatoka 30 Juni, ukichelewa ukaipeleka siku za mwanzo za Aprili unatoka 30 Septemba. Karibu miezi 6 umekaa kwa watu ambao umeshawaaga! Kwaiyo wadogo zangu mnaosaini mikataba, hiyo sehemu muisome kabla ya kuangalia mshahara.

Kwetu Tanzania mnajua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa mtu anayelipwa kwa mwezi inasema notisi isipungue siku 28, Kenya nao kwenye sheria yao ya 2007 ni 28, na kule mwajiri akitaka anakulipa pesa ya notisi unaondoka hata leo. Nyie wa Dubai na Abu Dhabi sheria ya 2021 imeweka kati ya siku 30 na 90. Kwaiyo siko peke yangu, kuna mtu ananisikiliza saivi yuko kwenye chumba chake Sharjah anahesabu siku, na huyo ndo hasa naongea naye leo.

Maana hakuna mtu aliyeniambia kuhusu kuboeka. Watu wanakwambia habari za barua, habari za kibali, habari za mshahara wa mwisho, hili la kukaa tu halizungumzwi na ndo limenitesa kuliko yote.

Mimi niko kampuni ya kusafirisha mizigo, clearing na forwarding kama mnavyosema nyumbani, nashughulika na makaratasi ya makontena yanayotoka hapa bandarini kwenda Afrika, mengi yanashukia Dar. Ni kazi ya mbio, simu juu ya simu, meli haimsubiri mtu. Basi nilivyopeleka barua, wiki ya kwanza kila kitu kawaida. Afu taratibu wateja wapya hawaji kwangu tena, nikasema sawa, ni haki. Afu mikutano ya jumatatu jina langu halipo. Afu kuna programu ya bei za meli nikaifungua asubuhi moja nikakuta sina ruhusa, na wala hakuna aliyenikosea, ndo utaratibu, mtu anayeenda kampuni nyingine haachiwi bei za wateja. Wananisalimia vizuri, kahawa tunakunywa pamoja, lakini wakianza kupanga mambo ya Agosti wananiangalia kidogo afu wanashusha sauti.

Aisee ile hali inachosha. Nikiwa mwanafunzi hapa nilifanya kibarua cha kupakia maboksi ghalani, usiku kucha, nikirudi nalala fofofo. Hii ya kukaa kwenye kiti masaa manane nikiangalia saa ya ukutani, narudi nyumbani mwili mzito, kichwa kimechoka na usingizi hauji, na nikipiga simu nyumbani sina cha kusimulia, mtu anauliza leo umefanya nini unabaki kimya. Unaanza kujiuliza hivi mimi nilikuwa na maana gani pale.

Ushauri wa kwanza utakaopewa na wabongo wenzako huku ni huu, nenda kwa daktari chukua cheti cha ugonjwa ulale nyumbani mpaka siku ziishe. Naombeni mnisikilize hapa. Kama unaumwa kweli nenda, afya kwanza, na msongo wa mawazo ni ugonjwa halali kabisa. Ila kama huumwi usiguse hiyo njia. Septemba 2021 mahakama kuu ya kazi ya Ujerumani, iko mji wa Erfurt, ilitoa uamuzi kwenye kesi ya mfanyakazi aliyepeleka barua ya kuacha na siku hiyohiyo akachukua cheti kinachofunika notisi yote mpaka siku ya mwisho. Mahakama ikasema cheti cha namna hiyo kinatia shaka, kwaiyo ni juu ya mfanyakazi kuthibitisha kwamba alikuwa anaumwa, na mshahara wa siku zile unaweza kuukosa. Achilia mbali pesa, sisi wageni jina letu ndo mtaji.

Njia ya pili ni likizo, na hii ni haki yako idai. Kwa wiki ya siku 5 sheria inakupa angalau siku 20 kwa mwaka, ukitoka 30 Juni kama mimi unahesabiwa nusu yake, na zile usizozipata zinatakiwa kulipwa. Ila mimi nikapiga hesabu, likizo nikaisukuma mwishoni, bado wiki nyingi zinabaki za kukaa. Kuna wengine bosi anawaambia kaa nyumbani mshahara utaingia, mimi sikuambiwa hivyo, na kuomba sikuomba, maana nyumbani peke yangu kwenye hiki chumba ningeumia zaidi.

Sasa kilichonisaidia. Kwanza niwaambie simu haikunisaidia. Kuskroli kunafanya saa moja ipite afu inayofuata inakuwa nzito mara mbili. Kilichonisaidia ni kumfuata bosi nikamwambia, naomba unipe ile kazi ambayo kila mtu anaikimbia. Kila ofisi inayo, we mwenyewe unaijua ya kwenu. Kwetu ilikuwa ni folda ya wateja wa Dar na mizigo inayopita Dar kwenda Congo, miaka na miaka watu wanatupia humo makaratasi, hakuna aliyewahi kukaa akaipanga. Bosi akafurahi, akasema chukua.

Na hapo ndo nikaelewa kilichokuwa kinaniumiza. Siku zote nilikuwa najiangalia mimi, mimi naondoka, mimi sihitajiki, mimi sijaalikwa. Nilipoanza kusoma yale mafaili nikawa nawaona watu wa upande wa pili. Kuna mama wa Kariakoo anaagiza mashine za kushonea, kontena lake lilikwama bandarini kwa sababu jina kwenye bili ya ledingi, ile hati ya mzigo wa meli, lilikosewa herufi moja tu, halilingani na nyaraka zake za forodha, kusahihisha ni malipo na ni siku, na zile siku za bure za kuhifadhi zikiisha kila siku inahesabiwa. Kosa lilitoka huku kwetu, mezani, mtu anachapa haraka ijumaa jioni. Yule mama hatujui, sisi kwake ni namba ya simu tu, lakini mtaji ulioganda pale bandarini ni wa kwake, ada za watoto ni za kwake.

Basi nikaanza kuandika. Naandika kila kitu ambacho kipo kichwani mwangu na hakipo kwenye kompyuta. Kwamba tangu Julai 2016 kontena halipandi melini bila uzito wake kuthibitishwa, hilo kila mtu anajua, lakini kuna mteja mmoja lazima umkumbushe siku mbili kabla la sivyo anasahau na meli inaondoka. Kwamba pallet za mbao ziwe na ule muhuri wa ISPM 15, unaoonyesha mbao zimetibiwa zisibebe wadudu, na uombe picha ya muhuri, usikubali maneno. Kwamba mzigo wa Lubumbashi unaposhuka Dar unapanda lori mpaka Tunduma, unakatiza Zambia, unaingia Congo kwa Kasumbalesa, kwaiyo makaratasi ya njiani yawe yamekamilika huku kabla meli haijatia nanga kule. Kwamba wakala wetu wa Dar umpigie mapema, saa mbili asubuhi ya huku kipindi hiki cha kiangazi kwake ni saa tatu, ukimpigia mchana ameshaenda bandarini hapokei. Haya mambo nimeyajua kwa miaka, hayajaandikwa popote, na mimi ningeondoka nayo.

Dada anayekuja kushika nafasi yangu anaanza nikiwa nimeshatoka, hatutaonana. Kwaiyo namwandikia kwa kirefu kana kwamba namfundisha mdogo wangu, kwa Kijerumani changu, na hapo nimepata faida nyingine sikuitarajia, kuna mzee mmoja pale ofisini, yuko kwenye mambo ya bandari tangu ujana wake, nikamwomba anisomee nilichoandika anirekebishe lugha. Sasa kila mchana tunakaa nusu saa. Kijerumani changu cha kuandika kimepanda kuliko nilivyokuwa darasani, na mzee ananihadithia bandari ilivyokuwa kabla makontena hayajatawala, watu wanabeba magunia ya kahawa kwa mikono. Miaka yote tumekaa chumba kimoja hatujawahi kuongea hivyo, mbio hazikuturuhusu.

Saa ya chakula natoka nje kila siku, hata mvua inyeshe, hii ni amri nimejipa. Natembea mpaka Landungsbrücken, kwenye gati za feri, nashuka kwenye lile handaki la zamani linalopita chini ya mto Elbe, lilifunguliwa 1911, unatembea kwa mguu, bure, upande wa pili unatazama mji wote. Siku nyingine napanda feri namba 62, tiketi ya mwezi ya usafiri inaifunika hiyo feri, hulipi zaidi. Upepo wa mtoni unaamsha. Jioni naenda maktaba kuu ya mji pale Hühnerposten karibu na stesheni, nasomea kazi mpya. Ofisini mambo ya kampuni mpya sigusi na video zangu siediti kule, muda wa kazi unalipwa na wao mpaka dakika ya mwisho, na kamera ofisini kwa watu ndo kabisa usiingize.

Kuna na sababu ya mfukoni, nisiifiche. Huku ukitoka una haki ya kudai barua ya sifa, inaeleza kazi zako na tabia yako, na waajiri wanaisoma kama ripoti ya shule, wanajua hii ni alama ya 1 na hii ni ya 4, na kwao 1 ndo ya juu. Anayeiandika atakumbuka zaidi wiki zako za mwisho. Miaka yote mizuri afu mwezi wa mwisho unanuna na kuchelewa, yataingia humo kwa maneno ya adabu.

Na wenye vibali vya kazi vilivyofungwa na mwajiri, msisahau kuwaarifu idara ya uhamiaji ndani ya wiki 2 tangu mjue kwamba kazi inaisha kabla ya muda, na kama hamna kazi nyingine mkononi msipeleke barua kwa hasira, maana ukiacha mwenyewe bila sababu nzito pesa ya kukosa kazi unaweza kufungiwa mpaka wiki 12. Hilo nitalifanyia video yake peke yake, ni refu.

Sisemi kwamba kuboeka kumeisha. Jana mchana nilimaliza kurasa zangu mapema nikakaa natazama kreni za bandarini dirishani, saa haiendi kabisa, wenzangu wanacheka kwenye chumba cha mkutano na mimi sipo. Iliniuma. Nikanyanyuka nikafungua faili jingine.

Haya, naombeni kwenye komenti, wale mliowahi kukaa kwenye notisi ndefu, hasa nyie wa Gulf mnaolala nyumba za kampuni ambako hata ukitoka kazini bado uko na walewale, mlikuwa mnafanya nini jioni? Andikeni kwa kirefu, nitazisoma zote, na zile zenye msaada nitazisoma kwa sauti jumamosi ijayo nikija na hiyo video ya vibali na pesa ya kukosa kazi. Mama, nikizima kamera nakupigia.