Shomoro Anaanguka, na Baba Anajua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Fungueni Mathayo 10:29, aya ambayo sisi watu wa Mwanza tunaipenda na kuisoma mbiombio. "Je! Mashomoro wawili hawauzwi kwa senti moja? Wala hata mmoja haanguki chini asipojua Baba yenu." Shomoro anaanguka, ndugu zangu. Yesu amesema Baba anajua. Na aya ya 23 imeshawaagiza wanafunzi wanaoteswa kwa ajili ya imani: wakiwafukuza mji huu, kimbilieni mwingine. Kumtegemea Mungu na kukimbia vimo katika sura moja.

Katika Matendo 12, Herode anamwua Yakobo kwa upanga, kisha malaika anamtoa Petro gerezani. Kanisa ni lile lile na Mungu ni yule yule. Mhubiri akitaja Petro tu, aliyefiwa ataondoka akiamini marehemu wake alipungukiwa imani. Tumewaumiza wengi kwa mahubiri ya namna hiyo.

Sasa tazameni Matendo 23. Watu zaidi ya 40 wameapa wasile wala wasinywe mpaka wamwue Paulo. Usiku Bwana amesimama karibu naye, amemtia moyo. Lakini njama inafichuliwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, anayeingia ngomeni alikozuiliwa Paulo na kumwambia. Jemadari wa Kirumi anatoa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, waondoke saa tatu ya usiku. Neno la faraja lilitoka kwa Bwana mwenyewe. Ulinzi ulipitia mdomo wa kijana na amri ya mpagani. Paulo hakuukataa ulinzi ule eti ana imani.

Ziwa letu la Victoria nalo lina ushuhuda. Novemba 1882 mapadre wa White Fathers, wamisionari Wakatoliki, waliondoka Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, wakavuka kuja upande wetu huu wa kusini, na 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Walirudi Buganda Julai 1885. Muda wote huo waamini wachanga wa kule walifundishana wenyewe, Yosefu Mukasa Balikuddembe akiwa mbele yao. Tarehe 15 Novemba 1885 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akaamuru Mukasa auawe, na Karoli Lwanga akashika nafasi yake. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, hukumu ikiwa mlangoni, Lwanga alibatiza wakatekumeni wanne, yaani waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo, kijana Kizito akiwamo. Juni 3 wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana. Mapadre wao hawakuweza kuwaokoa. Lakini walikuwa wameandaliwa, na maandalizi yale nayasoma kama utunzaji wa Mungu.

Huku kwetu mateso mengi huanzia nyumbani. Binti amebatizwa, ukoo unamtaka kwenye tambiko, akikataa anafukuzwa. Usiku ule anahitaji kitanda, chakula na mama mmoja wa kanisa wa kukaa naye. Wajue watu wawili au watatu tu mahali alipo. Picha yake isipelekwe kwenye kundi la WhatsApp hata kwa nia ya kuombewa, maana picha husambaa na ndugu wakamfikia. Msimsimamishe madhabahuni atoe ushuhuda wiki ile, bado anatetemeka. Kama alipigwa au kutishiwa, mpelekeni polisi na mtunze namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake iliyoandikwa kituoni. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, na Paulo naye alidai haki yake ya uraia (Matendo 22:25). Ulizeni kitambulisho na vyeti vyake viko wapi. Vikibaki kwa baba, mwenyekiti wa mtaa aende kuviomba, vijana wa kwaya wasiende kwa kundi.

Na mumuulize taratibu nini kilitokea. Petro anaonya mtu asiteswe kama mwizi au mwenye kujiingiza katika mambo ya wengine (1 Petro 4:15). Kama alimtukana bibi yake mbele ya wazee, akaombe radhi kwa matusi hayo, na tambiko aendelee kulikataa.

Kulala kwa mwenyeji kukizidi mwezi mmoja, mzigo huanza kumwelemea mwenye nyumba, na hapo ndipo wengi hurudishwa kimyakimya. Kwa hiyo mapema kabisa kanisa lipange nani analipa ada ya shule, nani anatoa unga, na familia ipi itampokea zamu inayofuata.