Ndimi za Kioo: Chupa Inavyopata Mlio

(Mhadhara kwa mafundi vijana, Tanga)

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Vijana, hamjambo?

Nianze na chungu. Bibi yangu hakununua chungu sokoni mpaka akigonge kwanza. Alikiinua kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa fundo la kidole, akatega sikio. Kikilia vizuri, maneno ya bei yalianza. Kikijibu kwa mkwaruzo, alikirudisha chini kimya, na muuzaji hakubisha, maana wote wawili wameshasikia. Ufa ambao jicho halijauona, sikio limeupata.

Kazi niliyoitiwa kuizungumza ni kutengeneza kengele za upepo kwa kioo cha chupa zilizotupwa. Wengi huzitazama kengele hizi kama pambo la barazani: rangi inang'aa, jua linapita, basi. Mimi nazihesabu kuwa ala, jamaa ya marimba, na niliijua kazi hii siku nilipoanza kuifanya kama bibi alivyonunua chungu. Kuchagua chupa, kuchoma, kupoza, kutoboa, yote nayaamua kwa kusikiliza. Leo nimekuja na ndimi hizi za kioo mezani. Naziita ndimi kwa sababu ni ndefu na nyembamba, na kwa sababu zinasema.

Kwanza chupa. Chupa za bia na soda zinazopangwa kwenye kreti zina mwenyewe. Zinarudi kiwandani, zinaoshwa, zinajazwa tena, na sijaona matumizi ya chupa yanayozidi hayo. Tuziache. Sisi tunatafuta zile zisizo na pa kurudi: za mvinyo uliotoka nje, za pombe kali, za mafuta ya zeituni. Hizo hujaa nyuma ya hoteli, na visiwani hali ni nzito zaidi, kwa kuwa kuvusha vigae vya chupa kwa chombo mpaka bara ni gharama. Ndiyo maana nawaheshimu Chako wa Zanzibar wanaogeuza chupa za mahotelini kuwa bilauri na taa, Shanga wa Arusha ambako kioo kuukuu kinayeyushwa na kuundwa upya na mafundi wenye ulemavu, na karakana ya kioo ya Kitengela kule nje ya Nairobi. Wametutangulia njia.

Chupa nyingi hizi ni za aina moja ya kioo: mchanga wa silika takriban asilimia 70 na kidogo, magadi, na chokaa. Rangi huletwa na madini machache tu. Kromiamu na chuma hutoa kijani, kobalti hutoa buluu, na ile kahawia hutokana na chuma na salfa. Ukisikia hivyo utadhani chupa zote ni ndugu, unaweza kuzilaza pamoja tanurini zikaelewana. Mimi nilidhani hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza niliunganisha vipande vya kijani na vya kahawia kutoka chupa mbili tofauti. Zilitoka tanurini nzuri, laini, sikuona kasoro. Nikampelekea mteja, tukazitundika kwenye baraza lake. Usiku wa tatu, hewa imetulia kabisa, ndimi mbili zilipasuka zenyewe. Aliponiletea vigae nilivipanga mezani nikaona ufa umefuata mstari ule ule ambapo kijani kilikutana na kahawia. Nilimrudishia fedha zake, na nikakaa miezi sijagusa rangi mbili pamoja.

Sababu yake ni hii. Kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea, na kila chupa hunywea kwa kipimo chake kulingana na mchanganyiko wa kiwanda chake. Tofauti ni ndogo sana, huioni kwa rula. Lakini vikishaungana, kimoja kinataka kunywea zaidi na mwenzake hataki, basi wanavutana mle ndani usiku na mchana mpaka mmoja aachie. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza: chupa moja na nafsi yake. Ulimi mmoja utoke kwenye chupa moja. Ukitaka rangi nyingi, changanya ndimi kwenye kengele, usichanganye rangi ndani ya ulimi.

Ukilazimika kuchanganya, ipo njia ya kupima isiyo na gharama. Chukua miwani ya jua ya polaroidi. Fungua kompyuta, weka ukurasa mweupe, vaa miwani, kisha inamisha kichwa taratibu mpaka kioo cha kompyuta kigeuke cheusi. Sasa shika kipande chako kati ya macho na kompyuta. Kikibaki cheusi, kimetulia. Ukiona mwanga unang'aa pale rangi zilipokutana, hapo pana mvutano, hicho usimuuzie mtu. Walimu mliopo, darasani jaribio hili linawafaa sana.

Kukata nitapita haraka, kwa sababu mkono hufundishwa na mkono. Loweka chupa, toa karatasi na gundi yote, maana alama ya kidole yenye mafuta huchomeka ikabaki. Kata shingo na kitako, kisha pasua kile kiwiliwili kwa urefu upate vipande vyembamba. Kata na saga penye maji daima, na vaa barakoa. Vumbi la kioo halitoki kifuani kwa maziwa, kama watu wanavyodanganyana.

Vipande hivyo vimepinda kidogo kwa kuwa chupa ni mviringo. Hilo lisikusumbue, moto utavinyoosha. Ukuta wa chupa una unene wa milimita 3 hivi. Mimi hulaza vipande viwili, kimoja juu ya kingine, na hapa kioo kina tabia moja ya ajabu: kikiyeyuka kinapenda kukaa kwenye unene wa karibu milimita 6. Ukiweka chembamba zaidi, kitajivuta kijikusanye, kingo ziharibike. Ukiweka kinene zaidi, kitatambaa na kumwagika. Vipande viwili vya milimita 3 vinafika pale pale.

Chini ya kioo lazima pawe na kizuizi, la sivyo kitashikana na sahani ya tanuri na vyote viwili viharibike. Dawa yake ni kaolini, ule udongo mweupe, iliyochanganywa na unga wa alumina, inapakwa kwa brashi kama chokaa ya ukutani. Na kaolini tunayo nyumbani: vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vinajulikana kwayo miaka mingi.

Kama unataka kuacha kitanzi cha waya ndani ya kioo, tumia shaba nyekundu, yeyuko lake ni zaidi ya nyuzi 1,000. Alumini usithubutu. Inayeyuka kwenye 660, kabla hata kioo hakijafika pake.

Sasa moto. Panda polepole, nyuzi 150 kwa saa, mpaka upite 550. Baada ya hapo unaweza kuharakisha hadi kama 800, kaa hapo dakika 10 au 15, vipande viwili vimekuwa kimoja. Kisha shuka haraka. Kati ya 800 na 700 kioo cha chupa kikicheleweshwa hufanya fuwele juu yake, utando mweupe kama wa uji uliopoa. Chupa haikuumbwa ichomwe mara ya pili, ndiyo maana ugonjwa huu huipata upesi.

Ukifika 550, simama. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosa subira, na naomba mnisikilize zaidi hapa kuliko mahali pengine popote. Kioo kwenye nyuzi 550 kinaonekana kigumu, lakini ndani bado kinaweza kujipanga. Kipe saa nzima pale pale, joto la juu na la katikati yake lilingane. Halafu kishushe kwa nyuzi 60 au 70 kila saa mpaka 400. Hapo zima, uondoke, ulale. Tanuri lisifunguliwe mpaka unaweza kuligusa kwa mkono. Umeme ukikatika katikati ya kupoza, usifungue kuchungulia. Funga nafasi zote, acha matofali yatunze joto yaliyonalo. Kioo kilichopozwa vibaya kinaweza kukaa mwezi kikiwa kizima, kisha kikapasuka siku unapokitoboa, au mikononi mwa mtoto. Mimi naliona hili kama suala la amana. Umemuuzia mtu kitu cha kutundika juu ya vichwa vya watu wake.

Haya, tufike kwenye mlio. Kijana mmoja aje hapa, ndiyo, wewe. Shika ulimi huu kwa kidole, kwenye ncha kabisa. Nagonga. Mmesikia? *Tak.* Umekufa. Sasa ushike hapa, chini kidogo. Nagonga tena. Sikilizeni... bado unalia... bado.

Ulimi ni ule ule, nyundo ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa kushika. Ubao au ulimi wowote ulio huru ncha zote mbili ukigongwa, katikati huenda juu na chini, na ncha nazo huenda juu na chini, lakini zipo sehemu mbili ambazo hazitikisiki. Zipo kwenye asilimia 22.4 ya urefu, kutoka kila ncha. Kwa ulimi wa sentimita 20, ni sentimita 4.5. Ukiutundika hapo, kamba haiibi mlio. Ukiutundika pembeni kabisa kama kengele nyingi za madukani, kamba inaunyonga.

Na hamhitaji kuniamini kwa tarakimu. Nalaza ulimi juu ya sponji mbili, nanyunyiza chumvi laini, nagonga katikati taratibu. Tazameni chumvi inavyokimbia na kujikusanya kwenye mistari miwili. Toboa kwenye mstari. Wapigaji wa amadinda, marimba ya mbao ya Buganda kule Uganda, walilijua hili bila kikokotoo: vibao vyao 12 hulazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na magogo hayo hukaa karibu na mistari hii hii.

Tundu lenyewe hutobolewa kwa kekee ya almasi, ndani ya maji, bila kusukuma. Kuna watu waliopata ufumbuzi wa tundu bila kekee, nao ni Wakrobo wa Ghana. Wanatwanga chupa kuukuu zikawa unga, wanajaza kwenye kalibu za udongo, na katikati ya kila kishimo wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Tanurini kijiti kinaungua, shanga inabaki na tundu. Muhogo! Mmea ulioko nyuma ya nyumba zetu zote.

Sauti ikoje, juu au chini? Upana wa ulimi haubadilishi kitu. Unene ukizidi mara mbili, mitetemo nayo huzidi mara mbili. Urefu ndio mkali zaidi: ukiukata nusu, mitetemo huzidi mara nne. Ulimi wa sentimita 20 wenye unene wa milimita 6 hutetemeka karibu mara 800 kwa sekunde. Wa sentimita 10 utafika karibu 3,200, na hapo ni kama sauti ya ndege mdogo. Mimi hupanga sauti tano, kwa kuwa upepo hauna mpangilio, unagonga upendavyo, na sauti tano hizi zozote zikikutana hazigombani. Andikeni urefu: sentimita 20, 18.9, 17.9, 16.3, 15.5. Huo ni mwanzo tu. Chupa yako haina unene sawa kila mahali, kwa hiyo kata ukizidisha kidogo, kisha saga ncha kwenye maji huku unagonga na kusikiliza, mpaka ulimi ufike. Jioni nzima huisha hapo, na kwangu ndiyo jioni tamu.

Cha kugongea, nimejaribu chuma, kinamenya kingo. Nimejaribu mbao laini, zinanong'ona. Nilichobaki nacho ni kifuu cha nazi, kimekatwa duara, kikasuguliwa kwa msasa. Kining'inie usawa wa katikati ya ndimi, kwa sababu hapo zinatikisika sana.

Chini ya kifuu kuna kile kipande kinachoshika upepo. Nakiita tanga, na kwa watu wa pwani sihitaji kueleza zaidi. Nahodha hupunguza tanga upepo ukichafuka, nanyi fanyeni hivyo. Tanga la kipindi kilichotulia ni kubwa kama kiganja. Kusi ikianza kuvuma, weka dogo, na uzipe ndimi nafasi ya vidole vitatu, la sivyo zitapigana zenyewe kwa zenyewe. Nilipokuwa naanza nilitumia mshipi wa kuvulia. Jua huukausha, siku moja unakatika. Sasa natumia waya usioshika kutu, na kila mwaka nawakumbusha wateja wangu waukague, maana chumvi ya hewa yetu haimsahau mtu.

Hapa mezani kuna ndimi saba. Zote zimetoka chupa za kijani, zote mtaziona nzuri. Mmoja una ufa ndani ambao sijaweza kuuona hata kwa taa. Piteni mmoja mmoja, gongeni kwa fundo la kidole kama bibi, kisha kila mtu aniandikie namba ya ule anaoushuku. Wazee tangulieni.